Gemu yako uwafungulie watengeneza modi? Namna ya kuamua, na namna ya kuifanya bila kujuta

Wadau mnaotengeneza gemu, hasa nyie wa timu ndogo na mnaofanya peke yenu, kuna swali huwa linakuja mwishoni kabisa gemu ikiwa inakaribia kutoka: tusapoti modi (nyongeza na mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na wachezaji wenyewe) au tuache? Swali ni zuri ila linakuja limechelewa, maana sehemu kubwa ya jibu ulishaliandika kwenye kodi ya programu miezi mingi nyuma, siku ile umeamua namba za nguvu ya upanga zikae wapi. Mimi nimetengeneza modi za gemu za watu miaka kadhaa kabla sijaanza ya kwangu, kwa hiyo nimekaa pande zote mbili, na ntaandika hapa kile ninachokiamini kabisa baada ya kuona mengi.

Kwa gemu nyingi nasema ndio, sapoti, ila anza kidogo na uahidi kile tu ambacho utaweza kukitunza miaka mitatu ijayo ukiwa umechoka na umeshahamia kwenye gemu nyingine.

Kwanza tuelewane kitu kimoja. Usiposapoti haimaanishi modi hazitakuwepo. Gemu ikipendwa watu wataifungua tu, hasa za Unity (programu maarufu ya kutengenezea gemu) ambazo zina vifaa kama BepInEx na Harmony vinavyoingiza kodi ndani ya gemu ikiwa inakimbia, na Stardew Valley ilipotoka 2016 haikuja na mfumo wa modi, wachezaji wakajitengenezea wenyewe SMAPI na mpaka leo modi nyingi zinapita humo. Kwa hiyo unachoamua ni kama hao watu wapite mlangoni au dirishani, na wakipita dirishani kila ukipiga apdeti utavunja kioo afu lawama zinakuja kwako hata kama hukuwaalika.

Faida yake wengi wanaijua juu juu tu. Doom ya 1993 ilitenganisha injini (programu inayoendesha gemu) na data, ramani na picha na sauti zikakaa kwenye faili za WAD, mtu akaweza kuweka zake bila kugusa gemu ya asili, na mwishoni mwa 1997 John Carmack, programa mkuu wa Doom, akaachia hadi kodi ya injini yenyewe, ndo maana watu bado wanatengeneza ramani za Doom leo. Half-Life ilitoka 1998, mwaka uliofuata Minh Le na Jess Cliffe wakatoa Counter-Strike kama modi ya bure, Valve, kampuni iliyotengeneza Half-Life, wakaichukua na 2000 ikauzwa kama gemu kamili. Afu kuna hii ninayoipenda zaidi: Arma 2 ilikuwa gemu ya 2009, ya kijeshi, ngumu, ya watu wachache, halafu 2012 Dean Hall akatoa modi ya DayZ na ghafla gemu ya miaka mitatu ikarudi kwenye chati za mauzo kwa sababu bila kuwa na Arma 2 DayZ huchezi. Humo humo Brendan Greene akajenga modi yake ya watu kuuana mpaka abaki mmoja, na mawazo yale ndo yakazaa PUBG ya 2017. Hakuna developa angeweza kupanga hayo kwenye kikao.

Ila uwe mkweli na upande wa pili. Modi ya DotA ilizaliwa ndani ya edita (kifaa cha kutengenezea ramani) ya Warcraft III, edita ya kampuni ya Blizzard, lakini waliovuna zaidi ni wengine waliotoa gemu za mtindo huo huo, League of Legends ikaja 2009, Dota 2 ya Valve ikaja 2013, na kabla ya hapo Blizzard na Valve walishavutana kuhusu jina lenyewe mpaka wakapatana 2012. Ukifungua mlango kuna kitu kizuri kitatoka na hakitakuwa chako, na kama hilo litakunyima usingizi bora ulijue mapema.

Nani asisapoti? Gemu ya mashindano ya onlaini ambapo mtu akibadilisha faili moja anaona kupitia ukuta, hiyo funga, au ruhusu modi kwenye seva binafsi tu zilizotengwa na zile za mashindano. Gemu fupi ya hadithi ya masaa manne, sidhani kama inakulipa kutumia miezi kujenga mfumo, acha tu faili wazi na uandike kwamba huna kinyongo. Na gemu ambayo kipato chake chote ni kuuza nguo na rangi za wahusika, hapo modi zitagusa mfuko wako moja kwa moja, fikiria vizuri. Zinazobaki, za kujenga, za kilimo, za mikakati, za kuishi porini, za kuigiza mhusika, hizo kusapoti ni karibu lazima. Cities: Skylines ya 2015 ilijengewa jina na modi, ya pili ikatoka Oktoba 2023 bila mfumo wa modi ukaja kufunguliwa Machi 2024, na miezi ile katikati wachezaji waliozoea ile ya kwanza walilalamika sana. Kama gemu yako ya kwanza ilikuwa na modi, ya pili iwe nazo siku ya kwanza.

Sasa kazi yenyewe.

Toa data nje ya kodi

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na hata usipotangaza modi kamwe itakusaidia wewe mwenyewe. Kila kitu ambacho ni namba, jina, bei, uzito, picha, mazungumzo, kipelekwe kwenye faili za kusomeka, JSON au XML (miundo ya kuandika data kwa maandishi) au hata jedwali la kawaida, na gemu izisome inapowaka. Upanga wa chuma usiwe mistari ndani ya kodi, uwe faili inayosema jina lake hili, nguvu yake 12, picha yake hii, unatengenezwa kwa vyuma vitatu.

Afu fanya kitu ambacho developa wengi wanakiruka: gemu yako yenyewe iwe modi ya kwanza. RimWorld wamefanya hivo, vitu vya asili vya gemu vimekaa kwenye folda inayoitwa Core, imeandikwa kwa XML na inalodiwa kama modi zingine zinavyolodiwa. Factorio nao, maudhui ya gemu yapo kwenye modi inayoitwa base, imeandikwa kwa Lua, lugha ndogo ya programu. Ukipita njia ile ile watakayopita watu wako, mfumo ukiwa mbovu utaumia wewe kwanza na utautengeneza. Nimeona gemu ambazo mfumo wa modi umejengwa pembeni, timu yenyewe haiutumii, na siku zote ndo sehemu iliyooza kuliko zote.

Majina ndo mkataba

Kila kitu kipe kitambulisho cha maandishi chenye jina la modi mbele, kama Minecraft inavyoandika minecraft:stone, ili modi mbili zikileta upanga wa chuma zisigombane. Usitumie namba ya mstari kwenye orodha. Mimi nilifanya kosa hili, nilihifadhi vitu kwenye sevu (faili la mchezo uliohifadhiwa) kwa namba zao za mpangilio, nikaongeza kitu kimoja katikati ya orodha, watu wakafungua sevu zao wakakuta ghala limejaa vitu ambavyo hawakuvikusanya. Nikahamia kwenye majina, afu miezi mbele nikaona jina moja limeandikwa vibaya nikalisahihisha, modi zote zilizolitaja zikafa siku hiyo hiyo. Jina likishatoka nje liache hata kama lina makosa ya herufi, au weka jedwali dogo la majina ya zamani yanayoelekeza kwenye mapya.

Sevu nayo iandike ndani yake modi zilizokuwepo na toleo la kila moja. Mtu akifungua na modi moja haipo, mwambie wazi ipi imekosekana, na vitu vyake viwekewe alama ya kushika nafasi badala ya kufutwa, maana kuna mtu ana masaa 300 mle ndani na kesho akiirudisha modi anataka akute kila kitu kama alivyoacha.

Kubadilisha bila kufuta

Modi ya mtu mmoja inabadilisha bei ya upanga, ya mwingine inabadilisha picha ya upanga huo huo. Kama mfumo wako ni wa faili nzima kuchukua nafasi ya faili nzima, mmoja ataua kazi ya mwenzake na wote wawili watakuja kukulalamikia. Ruhusu viraka vidogo, mtu aseme nenda kwenye upanga wa chuma, sehemu ya bei, weka 40, basi. Ndo RimWorld wanavyofanya na viraka vya XML, na Stardew Valley kuna modi ya Content Patcher inayofanya kazi hiyo. Weka pia utaratibu wa nani anatangulia, na modi iweze kusema mimi nategemea fulani toleo fulani. Factorio wana awamu tatu za kusoma data, modi zote zinaweka vitu vyao kwenye ya kwanza, marekebisho yanakuja ya pili, na ya tatu ni ya kumalizia, na huo mgawanyo mdogo tu umepunguza ugomvi mwingi.

Skripti na usalama, hapa tulia usome

Data pekee itakupeleka mbali sana, ila watu watataka tabia mpya na hapo ndo skripti (kodi fupi anazoandika mtengeneza modi) zinaingia, na hapa nawaomba msifanye haraka kwa sababu mnacheza na kompyuta za watu waliowaamini.

Ukitumia Lua, usiwape Lua nzima, izungushie ukuta. Ondoa maktaba za io na os (zinazogusa faili na mfumo wa kompyuta), ondoa debug, ondoa package, zuia kulodi kodi ambayo tayari imeshachakatwa kuwa baiti maana hiyo inaweza kuvunja ukuta wako, afu weka kikomo cha muda na kumbukumbu ili kitanzi kisichoisha kisigandishe kila kitu. Modi ibaki na yale tu uliyoipa mkononi: tengeneza kitu, sikiliza tukio, badilisha namba.

Ukiruhusu DLL za C# au faili za Java, yaani kodi kamili isiyo na ukuta, jua kwamba modi hiyo ina uwezo wote alionao mwenye kompyuta, itasoma faili zake, itaona paswedi zilizohifadhiwa kwenye brauza, itatuma nje. Hili limeshatokea. Juni 2023 virusi vilivyoitwa fractureiser vilisambaa kupitia modi za Minecraft kwenye tovuti ya CurseForge, akaunti za watengenezaji zikiwa zimeingiliwa, na Desemba 2023 modi kubwa ya Slay the Spire iitwayo Downfall akaunti yake ya Steam (duka la gemu la onlaini) ilitekwa na watu wakapata apdeti yenye programu ya kuiba paswedi. Angalia, kwenye kesi zote mbili modi zenyewe zilikuwa za watu wazuri. Kwa hiyo kusema pakua kwa unaowaamini haitoshi.

Ushauri wangu: skripti zenye ukuta ziwe njia ya kawaida inayofanya kazi bila swali lolote, na modi yenye kodi kamili ionyeshwe tofauti kwenye menyu, kwa maneno ya kawaida kabisa, modi hii inaweza kufanya chochote kwenye kompyuta yako. Usimfiche mchezaji. Kama una sehemu yako ya kuhifadhi modi, akaunti za wanaopandisha zilindwe kwa hatua mbili za kuingia, na faili zikaguliwe kabla hazijasambaa. Kuna na mashimo madogo ambayo watu wanayasahau: faili ya zipu ambayo ndani yake kuna njia yenye nukta mbili mbili (..) inayojaribu kuandika nje ya folda ya modi, kataa kabisa. Na kwa wa C#, usisome sevu wala modi kwa BinaryFormatter (kifaa cha C# cha kusoma data), faili iliyotengenezwa kwa nia mbaya inaweza kukimbiza kodi kwa kufunguliwa tu.

Na wakati uko kwenye usafi, pitia faili zako uondoe vile ulivyovikata. GTA: San Andreas ilitoka na mchezo wa mapenzi uliofichwa tu, haukufutwa, modi ya Hot Coffee ikaufungua 2005 na bodi ya ukadiriaji ya Marekani, ESRB, ikapandisha gemu hadi daraja la watu wazima pekee. Watengeneza modi watasoma kila faili uliyoacha, zote.

Apdeti ndo zinavunja urafiki

Aprili 2024 Fallout 4, gemu ya 2015, ilipata apdeti kubwa ikavuruga modi nyingi zinazotegemea kifaa cha F4SE, maana kifaa cha namna hiyo kinashika sehemu maalum ndani ya programu na programu ikibadilika hata kidogo hakishiki tena. Kulikuwa na timu ya kujitolea iliyotengeneza modi ya Fallout: London, walikuwa watoe mwezi huo huo, wakalazimika kusogeza hadi Julai. Watu wamefanya kazi miaka bila kulipwa halafu tarehe inawaharibikia, mimi hilo linaniuma kweli.

Kuzuia hili hakuna gharama kubwa. Toleo la zamani lisifutwe, liache kwenye tawi la pembeni ambalo mchezaji anaweza kulichagua, Steam inaruhusu hilo kwa mipangilio michache tu. Apdeti kubwa itoe kwanza kama ya majaribio wiki mbili tatu kabla. Andika orodha ya mabadiliko ya watengeneza modi peke yake, kitambulisho gani kimehama, faili gani ina umbo jipya, sio ile ya wachezaji inayosema tumeboresha vitu mbalimbali. Na kama unaweza, kila apdeti hamisha vitu zaidi kutoka kwenye kodi kwenda kwenye data, Stardew Valley 1.6 ya Machi 2024 ilifanya hivo kwa vitu vingi, na modi ambayo zamani ililazimika kupasua kodi sasa inabadilisha faili tu.

Ripoti za hitilafu zitaongezeka, hilo usikatae. Dawa yake logi (faili la kumbukumbu za gemu) iandike orodha ya modi mstari wa kwanza kabisa, ujumbe wa kosa utaje modi iliyosababisha ikijulikana, na gemu ikijizima vibaya basi ikiwashwa tena iulize unataka kuanza bila modi? Hicho kitufe kimoja kimeniokolea jioni nyingi sana.

Pesa na nani anamiliki nini

Andika masharti yako kwa lugha ya mtu wa kawaida, nusu ukurasa inatosha. Modi ni ya nani, wanaweza kupokea michango, wanaweza kuuza, wewe unaweza kuchukua wazo ukaliweka kwenye gemu. Maoni yangu ni kwamba kazi iwe yao na wewe ubaki na ruhusa ya kuisambaza kwenye mfumo wako. Warcraft III: Reforged ya 2020 ilikuja na masharti kwamba ramani zote zinazotengenezwa na wachezaji ni mali ya kampuni, na watu waliona wamenyang'anywa kabla hata hawajaanza.

Kuuza modi kunahitaji tahadhari. Aprili 2015 Valve na Bethesda, watengenezaji wa Skyrim, walianzisha modi za kulipia za gemu hiyo, mtengenezaji wa modi akipata asilimia 25, na ndani ya siku chache wakauondoa mpango wote kwa jinsi wachezaji walivyokasirika. Ninavyoona mimi kosa kubwa lilikuwa kuugeuza utamaduni wa miaka kwa siku moja bila kuongea na mtu. Kulipa watu sio vibaya, na njia nzuri kuliko zote ni kuwaajiri, kama Wube, watengenezaji wa Factorio, walivyomchukua mtengenezaji wa modi ya Space Exploration akafanya nao kazi kwenye Space Age, nyongeza ya gemu hiyo ya 2024. Vitisho vya kisheria viwe vya mwisho kabisa: Juni 2017 Take-Two, kampuni inayomiliki GTA, waliwaandikia watu wa OpenIV waache, kifaa kilichokuwa kimetumika miaka kwenye modi za GTA za mchezaji mmoja, wachezaji wakamwaga maoni mabaya kwenye ukurasa wa GTA V Steam mpaka msimamo ukalegezwa na OpenIV ikarudi.

Wapi modi zikae? Steam Workshop (sehemu ya modi ndani ya Steam) ni rahisi kwako na kwa mchezaji, ila aliyenunua gemu kwingine kwa kawaida anabaki nje, kwa hiyo hata ukiitumia acha folda ya kawaida kwenye kompyuta ambayo mtu anatupia modi inafanya kazi. Konsoli zina sheria zao, Skyrim Special Edition ya 2016 ilipopeleka modi kwenye konsoli, upande wa PS4 hazikuruhusiwa picha wala sauti mpya, modi zikatumia tu vile vilivyomo ndani ya gemu. Modi za data tupu ndo zina nafasi nzuri zaidi huko.

Kama yote haya ni mengi kwa timu yako, kuna sapoti ya gharama ndogo. Usichanganye majina ndani ya kodi yako kwa makusudi ili watu wasiielewe, sema wazi kwamba modi zinaruhusiwa, basi. Minecraft ya Java ilikaa miaka mingi watu wakikisia majina ya ndani ya kodi, 2019 Mojang, watengenezaji wa gemu hiyo, wakaanza kutoa orodha rasmi ya majina hayo, faili tu, na kazi ya watu wengi ikawa nyepesi.

Pa kuanzia wiki hii: chagua aina moja tu ya vitu kwenye gemu yako, silaha au mimea au chochote, toa yote kwenye kodi weka kwenye faili, gemu izisome kutoka kwenye folda ya modi. Tengeneza modi ndogo ya mfano inayoongeza kitu kimoja, yenye maelezo ndani ya faili lenyewe kila mstari, maana watu watainakili hiyo kabla hawajasoma mwongozo wowote utakaoandika. Halafu mpe mtu mmoja anayeipenda gemu yako, umkalie kimya pembeni, usimsaidie. Kila sehemu atakayosimama na kukugeukia kuuliza, iandike, ndo kazi yako ya wiki inayofuata.